Nilisema redioni ndizi isiyo na mbegu inafunga kizazi, jirani yangu akashika panga

Mpendwa Mama Justina,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi ipokee hivyo hivyo, maana mwenye shida siku zote ndiye mdogo. Safu yako huwa naisoma kabla ya habari za mpira, nacheka matatizo ya wenzangu, namsomea na mke wangu kwa sauti naye anacheka, sasa leo zamu ni yangu na sina wa kumsomea. Jina langu usilitoe, ingawa najua kabla sijafika katikati ya barua hii Kanazi nzima watakuwa wameshanijua, maana mtu wa aina yangu kule tupo mmoja tu.

Mimi ni mkulima, miaka hamsini na mitatu, darasa la saba, na nina ugonjwa mmoja ambao haujapata dawa, nao ni kupiga simu redioni. Mada iwe mbolea, iwe mpira, iwe mahari, iwe bei ya mafuta ya taa ambayo hata situmii tena, mimi napiga, na watangazaji wananijua kwa sauti, wakisikia nimekohoa tu wanasema "Mzee wa Mada huyo," nami nafurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Mke wangu Bernadetha, ambaye watu wanamwita Mama Juvenali kwa jina la kijana wetu wa kwanza, alikuwa akinicheka kwa upendo tu, anasema heri mume anayemaliza vocha kuliko anayemaliza pombe ya rubisi.

Sasa sikia ilivyoanza. Miaka minne iliyopita mnyauko ulituingilia shambani, majani ya migomba yakawa ya njano yakalegea, ndizi zikawa zinaiva kabla ya kukomaa, ukikata shina unatoka utomvu kama usaha, tukang'oa yote, na nyumba ya Mhangaza, sisi wenyeji wa Ngara, bila migomba, mama yangu, ni sawa na nyumba iliyoezuliwa. Mimi nilikaa nikalalamika redioni. Bernadetha hakulalamika, alipanda basi akaenda kwao Biharamulo, na muda wa kupanda ulipofika akarudi na miche kumi na miwili ya ndizi za kisasa kwenye beseni, ameipakata njia nzima kama mtoto mchanga, ile miche midogo inayooteshwa maabara kwenye chupa, majani yake membamba kama ya kitunguu, mimi nikamcheka nikamwambia umetuletea mboga. Mikungu ya kwanza ilipotoka, mmoja ulihitaji watu wawili kuubeba. Akamgawia machipukizi jirani yetu Tecla, ambaye ni mjane, na Tecla ana mkono wa kulima jamani, akafikisha mashina arobaini na moja, wachuuzi wakawa wanamfuata mpaka mlangoni wapeleke mikungu Lusahunga kwenye migahawa ya madereva wa malori.

Mwezi uliopita redio ikatangaza mdahalo wa mubashara, ukumbini Ngara mjini, mada yake "Vyakula vya GMO: sumu au mkombozi?", nami nikaalikwa kukaa meza ya mbele upande wa sumu. Kwa nini sumu? Kwa sababu upande wa mkombozi ulikuwa umeshachukuliwa na kijana mmoja anaitwa Idefonsi, muuza pembejeo, amesoma na ana kompyuta, mimi nikapewa kiti kilichobaki. Mama Justina, nakuungamia, GMO sikuijua ni nini. Nilijua ni kitu cha herufi tatu, na vitu vya herufi tatu vilivyowahi kufika kijijini kwetu vingi vilikuja kuchukua, si kuleta.

Mtangazaji akatuambia kila mmoja ana dakika moja na nusu, na tuseme waziwazi ni sumu au si sumu, wasikilizaji hawapendi mambo ya "inategemea." Idefonsi akaanza, akasema anayepinga GMO ni mshamba asiyejua sayansi, ukumbi ukaguna. Nikasimama mimi. Dakika ya kwanza yote niliitumia kusalimia. Zikabaki sekunde thelathini, watu wananitazama, natafuta neno silipati, ndipo likanitoka hili: "Ndugu zangu, Mungu aliumba tunda akatia mbegu ndani yake! Hizi ndizi za chupa zilizoingia vijijini, nani kati yenu amewahi kuona mbegu yake? Tunda lisilozaa, ule wewe, halafu uzae?"

Ukumbi ulilipuka. Akina mama vigelegele, akina baba wanapiga meza, mzee mmoja akavua kofia yake akanivalisha. Idefonsi mwenyewe, msomi, akabaki anafungua na kufunga kompyuta. Sauti ile ikakatwa ikatembea kwenye simu, na vijana wa bodaboda wakaifanya mlio, ukikaa kituoni unajisikia mwenyewe kutoka mifuko sita.

Nikarudi nyumbani natembea kama askofu mpya. Namkuta Bernadetha jikoni anamenya ndizi, redio iko kwenye kigoda. Hakunipongeza.

"Baba Juvenali."

"Naam."

"Kwenu mlikuwa na migomba?"

"Swali gani hilo? Mimi nimezaliwa chini ya mgomba."

"Basi zile ndizi za bibi yako, mlipokuwa mnakula, mbegu zake mlikuwa mnatemea wapi?"

Asubuhi nikaenda shambani nikapasua ndizi ya kisasa, hakuna mbegu. Nikaenda kwa mzee mwenye ndizi za zamani, zile za bibi zetu, nikaomba moja nikapasua, hakuna mbegu. Nikaona vile vidoti vyeusi vya katikati nikasema afadhali, nikavitoa kwa ncha ya kisu, nikavisugua kiganjani, vikawa uji. Miaka hamsini na mitatu nakula ndizi kila siku ya Mungu, na ukumbi mzima wa wala ndizi wamenipigia makofi, hakuna hata mmoja aliyeinua mkono! Nikarudi nikamwambia mke wangu tukiwa wawili, "Nilikosea." Akanishika mkono, akacheka, akasema, "Basi kawaambie." Nikasema nitawaambia.

Mpaka hapo, Mama Justina, ni ujinga tu, na ujinga nimeuzoea. Dhambi inaanza sasa.

Siku ya pili yake napita na baiskeli karibu na kwa Tecla, nasikia panga. Nikasimama. Namwona Tecla amejifunga kanga kiunoni anakata migomba. Iliyolala chini sikuihesabu, iliyosimama niliihesabu, ilikuwa kumi na tisa, mingine ina mikungu michanga. Sababu ni kwamba mkwe wake Jovina, mke wa kijana wake Jeremia, ana mwaka wa tatu kwenye ndoa na hajapata mtoto, na yule mama aliposikia neno langu la kuzaa akaona fumbo la miaka mitatu limefumbuliwa, kwamba ni yeye mwenyewe, kwa mikono yake, aliyekuwa anamlisha mkwe wake ugumba kila mchana. Akaniona. Akafuta jasho kwa ncha ya kanga, akasema, "Asante, shemeji. Umetufumbua macho. Bila wewe ningemmaliza mtoto wa watu." Na mimi, niliyekwisha kuzipasua ndizi zile kwa kisu changu, nikasema nini? Nikasema, "Pole na kazi." Nikapanda baiskeli. Nyuma yangu nikasikia panga linaendelea.

Bernadetha aliambiwa na Tecla mwenyewe, tena kwa kunisifu, kwamba shemeji alipita akampa pole. Hakunigombeza. Ingekuwa heri angenigombeza. Siku hiyo akaniandalia ndizi na maharage kwenye sahani ya peke yangu, sisi ambao miaka ishirini na sita tunakula sahani moja, hata tukigombana tunagombana mikono yote ikiwa ndani. Akapiga magoti, akachukua kijiko, akaonja chakula changu kwanza mbele ya macho yangu, akameza, akangoja kidogo, akasema, "Karibu, mgeni." Wewe ni mtu wa huku, unajua maana yake. Mwenye pombe ndiye huonja kwanza mbele ya mgeni asiyezoeana naye, ili mgeni aone hakuna sumu. Mgeni! Tangu hapo ni wiki ya tatu, asubuhi uji anaonja, mchana ugali anaonja, hata maji ya kunywa anaonja. Nikimwambia mama, nimeshaelewa, acha basi, anasema, "Hapana, baba, wewe ni mtu wa usalama wa chakula." Watoto walicheka, na mimi siku za kwanza nilicheka. Sasa sahani inarudi jikoni nusu.

Nilimuuliza nifanye nini tule pamoja tena. Akasema, "Uliyoniambia mimi kamwambie Tecla. Hayo tu."

Nitamwambiaje? Nimefikiria nimnunulie miche mipya niiache mlangoni kwake alfajiri asijue imetoka kwa nani. Nimefikiria nimwambie utafiti umebadilika. Na mambo yanazidi kunibana, maana Jumamosi ijayo Tecla amealika majirani wakamng'olee visiki vya migomba ile apande mahindi, na ameniomba mimi, kama mwelimishaji, nipige jembe la kwanza. Redioni nako wanataka mdahalo wa pili, wanasema Idefonsi safari hii amejiandaa.

Nisaidie nirudi kwenye sahani ya mke wangu. Na mwisho, kwa vile wewe umesoma, nijibu kwa neno moja ili nisiaibike tena: GMO ni sumu, au si sumu?

Ni mimi, Mzee wa Mada, Kanazi, Ngara.

*

Mama Justina anajibu:

Marahaba, Mzee wa Mada. Nimekuzidi miaka minne, kwa hiyo shikamoo yako haikupotea. Majina yenu nimeyabadilisha, na kama Kanazi wamekutambua basi umejitambulisha mwenyewe, kama kawaida yako. Gazeti hili huko kwenu hufika Jumatatu na visiki vinang'olewa Jumamosi, kwa hiyo jibu hili nimekwisha kukutumia kwenye simu tangu Jumatano. Wasomaji wengine watupate njiani.

Nianze na swali lako la mwisho. Neno moja sikupi. Neno moja ndilo lililokufikisha hapo ulipo.

Mimi si mtaalamu. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na somo la sayansi nililifundisha huku naogopa ukurasa unaofuata. Kwa hiyo nilikwenda kwa afisa ugani mmoja hapa Biharamulo, anaitwa Kazimili, mtu mwenye subira, nikamsomea barua yako. Nilipofika kwenye ndizi za bibi yako alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akanieleza, nami nakueleza kama nilivyoelewa.

Ndizi za mkeo si GMO. Ni ndizi zilizopatikana kwa kuzalisha aina hii na aina ile, kama unavyompandishia ng'ombe wako wa kienyeji dume la kisasa. Chupa ni kitalu tu, mahali safi pa kuoteshea mche usije na ugonjwa. Mtoto akizaliwa hospitali hageuki kuwa daktari. GMO ni jambo jingine: hapo wataalamu wanaingia kwenye vinasaba vya mmea, yaani yale maelekezo ya urithi yanayomfanya mtoto afanane na babake, wakabadilisha au kupachika sifa waliyoichagua. Mbegu za namna hiyo mkulima wa hapa nchini bado hajaruhusiwa kuzipanda. Kwa hiyo pale ukumbini, mzee wangu, ulipigana na mtu ambaye hakuwepo, ngumi ikampata Tecla.

Je, hizo GMO zenyewe ni sumu? Mtu akikuuliza "Uyoga ni sumu?" utajibu ndiyo au hapana? Utamuuliza uyoga gani, umeuchuma wapi, nani ameshaula. Muhogo mchungu ni wa asili kabisa, hakuna maabara iliyougusa, babu zetu wameulima, na ukiupika bila kuulowesha na kuuanika vizuri unaweza kuzika familia. Kazimili anasema zile GMO zilizokwisha kupimwa na kuruhusiwa katika nchi nyingine, wataalamu wengi hawajaona kwamba zinamdhuru mlaji kuliko vyakula vingine. Lakini kila moja hupimwa kivyake, na kufaulu kwa moja si cheti cha zote. Tena yapo maswali mazuri ambayo hata si ya sumu: mbegu ni mali ya nani? Msimu ujao nitapanda niliyoihifadhi darini, au nitarudi dukani? Aliyepima ni nani, na nani alimtuma? Hayo yangetosha mdahalo wa siku mbili. Nyinyi mlipewa dakika tatu, nawe ukatumia moja kusalimia.

Na Idefonsi asijifiche nyuma ya kompyuta. Kumwita mtu mshamba kwa sababu ameuliza si kuitetea sayansi, ni kuitukanisha mbele ya watu. Angekuwa amewasikiliza wakulima hata siku moja, angekujibu kwa ndizi moja na kisu. Wote wawili mlikuwa mnauza, yeye bidhaa za dukani kwake, wewe unauza maneno upate makofi. Hata sisi wa magazeti tusijitoe. Mwaka juzi niliandika hapa hapa kwenye safu hii, kwa kujiamini sana, kwamba majani fulani ya kuchemsha yanatosha kwa presha. Msomaji mmoja akaacha vidonge vyake, akaanguka. Alipona, Mungu ni mwema. Nilikwenda kwake kwa miguu kumwomba radhi, ni kilomita mbili tu, na sijawahi kutembea njia ndefu kama ile. Alinipa kiti. Kwa hiyo, baba, ninapokukaripia, najikaripia na mimi.

Sasa GMO tuiweke kando, kwa sababu mkeo hana ugomvi na wewe juu ya ndizi. Angalia barua yako mwenyewe. Ulipokosea redioni alikuuliza swali moja. Ulipokiri alikushika mkono akacheka. Alianza kukuonjea chakula siku aliyojua kwamba ulijua, ukaihesabu migomba kumi na tisa ikiwa imesimama, ukatoa pole ukaondoka. Nakuhurumia, kwa kweli nakuhurumia, maana kusifiwa na watu kunalevya na hujawahi kulewa hivyo tangu uzaliwe. Lakini una bahati ya mke. Mwingine angekaa kimya moyoni miaka kumi. Huyu anakuambia mara tatu kwa siku, kwa kijiko.

Miche ya kuacha mlangoni alfajiri: hapana. Tecla ataona ni muujiza, na wewe utakuwa umemdanganya mara ya pili. Utafiti umebadilika: hapana kabisa. Utafiti wote ulikuwa kisu chako, na kisu hakijabadilika.

Na sasa nisikilize vizuri. Umeandika kwamba Tecla alikata. Hukuandika kwamba aling'oa. Wewe uliyezaliwa chini ya mgomba, hivi kweli hilo halikukujia? Mgomba uliokatwa haujafa, mzee. Visiki vile vikibaki ardhini vitachipua, na baada ya muda mikungu itarudi. Vitakufa Jumamosi, kwa jembe ulilopewa heshima ya kulipiga kwanza. Niliposoma mstari ule niliweka chai yangu chini nikatafuta simu.

Kwa hiyo nenda kesho, Alhamisi, mchana, kwa baiskeli ile ile na njia ile ile. Usingoje Jumamosi ukamwaibisha mbele ya watu aliowaalika. Yeye ndiye aliyekatiwa riziki, hapaswi pia kuwa kichekesho. Nenda peke yako, Bernadetha usimbebe kama ngao. Omba Jeremia na Jovina wawepo. Kwa Jovina kuna deni jingine hukuliandika kwenye barua yako, na limeniuma: miaka mitatu huyo binti anatazamwa tumbo, sasa umeongeza na kijiji kizima kujua alichokula. Mwambie mbele ya mama mkwe wake kwamba si ndizi, na wala usimpe sababu nyingine mahali pa ile, kwa sababu huijui. Waende hospitali wote wawili, mke na mume, siku moja, foleni moja. Jeremia akisema yeye hana tatizo, mwambie hata wewe ulikuwa na uhakika mpaka ulipopasua ndizi.

Jumamosi watu waje, pombe waliyoandaliwa isimwagike. Kazi ibadilike tu: badala ya kung'oa, wasafishe shamba, waondoe mabaki, wachague machipukizi ya kubaki, na kila panga lisafishwe kwa maji ya jiki kabla halijagusa shina jingine, maana mnyauko haujahama Ngara. Wakikusanyika, waambie na wao, kwa sauti ile ile uliyoitumia ukumbini. Mpaka migomba ile izae tena, wachuuzi wa Lusahunga wachukue mikungu ya shambani kwenu kwa jina la Tecla. Hiyo mikungu ni ya Bernadetha, kwa hiyo utamwomba kwanza. Usitangaze kwamba umetoa.

Redioni nenda pia. Usikae upande wa sumu wala upande wa mkombozi, omba kiti katikati, na kama hakipo simama. Mtangazaji akikuambia "inategemea" haipendwi, mwambie Kanazi kuna shamba limelala chini kwa sababu ya jibu la sekunde thelathini. Na salamu zako zisizidi mbili.

Ukitoka kwa Tecla, nyumbani usidai sahani. Usimwambie mkeo hata kwamba umekwenda. Hiyo habari si yako kuitangaza, na najua kwamba kwa mtu wa aina yako hilo ndilo litakuwa gumu kuliko yote.

Ukifika kwa Tecla utataka kuanza na hotuba. Utataka kumweleza chupa ni nini, na vinasaba, na maneno ya Kazimili, mpaka kosa lako lipotee katikati ya elimu. Hayo yote yatangoja. Kaa ukipewa kiti, usipopewa simama, umwambie sentensi moja, kisha unyamaze umngoje hata kama atanyamaza mpaka jua lizame: "Shemeji, siku ile nilipopita, nilikuwa nimeshajua."